Gitaa la V la bei nafuu: Epiphone, Jackson, Dean au lile lisilo na jina?

Tuseme ushaamua. Unataka V, yaani gitaa la umeme lenye bodi ya umbo la herufi V, hutaki kusikia habari za Strat wala Les Paul, yale maumbo ya kawaida, na hela uliyonayo haifiki Gibson wala zile Jackson za Marekani. Hapo unabaki na kama njia nne hivi: Epiphone Flying V, Jackson za mfululizo wa JS (King V na Rhoads), Dean VX, na yale magitaa ya V yasiyo na jina yanayouzwa mtandaoni, picha kali na bei nusu ya wenzake. Watu wengi wanakwama hapa wiki na wiki wanaangalia video, na video nyingi zinawaonyesha rangi na distoshen tu, ile sauti ya kukwaruza ya roki, vitu ambavyo haviwezi kukwambia kama gitaa litashika tyuni baada ya nyimbo tatu.

Kabla ya bei, jua historia kidogo ya hili umbo. Gibson walipolitoa mwaka 1958 soko lililikataa, mwaka huo na uliofuata hazikufika hata 100 zilizotoka kiwandani, na zilikuwa za mbao ya limba kutoka Afrika, Wamarekani wanaiita korina. Waliolibeba ni watu wa blues, Albert King na Lonnie Mack, afu Jimi Hendrix akalishika, afu watu wa metali wakalichukua moja kwa moja hadi leo. Yaani toka mwanzo ni gitaa la kuonekana, na hapo ndo penye mtego kwenye V za bei nafuu, umbo lenyewe linajiuza, kwa hiyo kiwanda kinaweza kubana matumizi kwenye vitu usivyoviona na wewe bado ukatoa hela ukiwa unacheka.

Vigezo nitakavyotumia

Shingo ndo ya kwanza na nitaipa uzito kuliko vyote. Pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, zinabadilishwa, vifunguo vya kukazia nyuzi vinabadilishwa, shingo iliyopinda vibaya huibadilishi kwa hela ya kawaida. Kipimo chake ni rahisi, bonyeza uzi mnene kwenye freti (vile vyuma vya kukatiza shingo) ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, afu angalia katikati kwenye freti ya 7 au ya 8. Inatakiwa pawe na kaupenyo kadogo sana, kama unene wa karatasi mbili tatu. Kama uzi umelala kabisa juu ya freti au kaupenyo ni kakubwa, shingo inahitaji kurekebishwa kwa trasi rodi, kile chuma kilicho ndani yake, na hilo si tatizo ilimradi hicho chuma kinazunguka. Kikiwa kimeganda, acha hilo gitaa. Afu pitisha kiganja pembeni mwa shingo juu mpaka chini, ncha za freti zikikukwaruza ujue mbao imekauka ikasinyaa au kiwandani hawakumaliza kazi.

Ya pili ni daraja, pale nyuzi zinapoishia. Kuna daraja lililotulia na kuna lile la kucheza lenye mkono wa chuma (tremolo) wa kuyumbisha sauti, la aina ya Floyd Rose. Kwa bei ya chini hii tofauti ni kubwa kuliko tofauti ya jina lililoandikwa kichwani.

Ya tatu pikapu na waya za ndani. Ya nne balansi, maana V haina tumbo la kuzuia mkono kama magitaa mengine, ukiliachia shingo linaweza kushuka lenyewe kuelekea sakafuni, na ukikaa kwenye kiti bila kujua namna linateleza pajani. Ya tano hela yote, na nikisema hela yote namaanisha mpaka siku gitaa liko mikononi linapigika: nauli, ushuru, begi, setapu (marekebisho) ya fundi. Huku kwetu kwa kawaida ushuru unapigwa kwenye bei ukijumlisha na nauli na bima, afu VAT inakaa juu yake, 16% Kenya, 18% Tanzania na Uganda. Boksi la V ni refu na pana kuliko boksi la Strat, nauli inapanda, na nauli ikipanda kodi nayo inaweza kupanda. V haliingii kwenye begi la kawaida, kwa hiyo ukiona bei haijataja begi ongeza mwenyewe kichwani.

Epiphone Flying V

Epiphone ni mali ya Gibson toka 1957, kwa hiyo hapa unapata umbo lenyewe halali, siyo la kuiga.

Shingo: mahogani, imegundishwa kwenye bodi na siyo ya skrubu, freti 22, urefu wa uzi inchi 24.75, kama milimita 628. Nyuzi zinakuwa laini kidogo chini ya vidole, kubendi (kuvuta uzi ili noti ipande) ni raha, watu wa blues na roki ya zamani wanapenda. Freti za Epiphone za kuanzia 2020 kwa kawaida zimemalizwa vizuri. Udhaifu uko nyuma ya nati, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi, pale shingo inapoanza kuwa kichwa. Kichwa kimeinama kurudi nyuma na mbao pale imechimbwa kupitisha trasi rodi, likianguka chali panaweza kupasuka. Na V inaanguka sana kwa sababu haina pa kusimamia, stendi nyingi za kawaida zimetengenezewa magitaa yenye tumbo la mviringo, watu wanaiegesha ukutani kwa zile ncha mbili kwenye vigae, inateleza, kwisha. Ukichukua hili nunua na stendi ya kuning'iniza kwa shingo au kitundikio cha ukutani siku hiyo hiyo.

Daraja: limetulia, halichezi, la aina ya Tune-o-matic. Kubadilisha nyuzi ni dakika chache, kubadilisha tyuni unageuza tu. Shida ndogo inayojulikana ni nati, nyuzi zikishavuka pale zinatawanyika kufuata kichwa, na uzi wa G unakwama kwenye mfereji wake. Unasikia "ting" ukikaza, afu tyuni inaruka. Dawa ya kwanza chukua penseli, paka ile risasi nyeusi ndani ya mfereji, mara nyingi inatosha. Isipotosha fundi apanue kidogo.

Pikapu: hambaka (pikapu za koili mbili) mbili zenye joto, haziko kali sana. Ukiweka distoshen ya wastani zinaimba vizuri, ukizipeleka kwenye metali ya kasi sana unaweza kutaka kitu chenye makali zaidi. Zikiwa safi bila distoshen zinapendeza, na hilo wengi wanalisahau wakinunua V, kumbe jumapili wanataka kulipiga kanisani.

Balansi: nzuri kuliko watu wanavyodhani, mahogani inaipa bodi uzito wa kushindana na shingo.

Hela: kwenye hizi tatu zenye jina ndo la juu, fikiria dola 600 na zaidi likiwa jipya huko nje, kabla nauli haijaingia. Ila ukija kuliuza linashika bei.

Linamfaa mtu anayepiga vitu mchanganyiko, anayetaka gitaa la kukaa nalo miaka, na anayelitunza.

Jackson JS32 King V na Rhoads

Rhoads ni ile V yenye bawa moja refu na moja fupi, ilitokana na gitaa ambalo mpiga gitaa wa metali Randy Rhoads alitengenezewa na Grover Jackson mwanzoni mwa miaka ya 80, kabla hajafa 1982. King V mabawa yake yanalingana. JS ni ngazi ya chini ya Jackson, kampuni ambayo sasa hivi iko chini ya Fender.

Shingo: hapa kwa maoni yangu ndo hela yako imeenda. Shingo ya mepo (mbao ngumu) ya skrubu, ndani imetiwa vyuma vya grafaiti kuzuia kupinda, freti 24 kubwa, urefu wa uzi inchi 25.5, kama milimita 648. Ubao wa freti huku juu karibu na nati una mviringo kiasi afu unazidi kuwa bapa ukishuka, nusu kipenyo cha mviringo inchi 12 kwenda 16, kwa hiyo kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zinashikika na solo chini huko hazikwami. Kwa nchi zetu zenye mvua na kiangazi, au ukiwa Mombasa na ile hewa nzito ya chumvi, mepo yenye grafaiti inatulia. Kinachotakiwa kuangaliwa ni ncha za freti, na sehemu ya skrubu nyuma, chomeka karatasi kwenye kiungo, ikizama ndani ujue kuna uwazi.

Daraja: sikiliza hapa kwa makini maana ndo panapoamua. JS32 ya kawaida ina Floyd ya leseni, yaani imetengenezwa kwa ruhusa ila siyo Floyd Rose halisi. Lile daraja linaegemea nguzo mbili kwa ncha mbili za chuma zilizonolewa kama kisu, linapanda na kushuka juu yake. Kwenye Floyd halisi zile ncha ni chuma kigumu, kwenye za bei nafuu chuma ni laini, baada ya muda wa kupiga mkono kwa nguvu ncha zinapata vijidonda, daraja halirudi pale pale, na tyuni inaanza kukusumbua bila wewe kujua kwa nini. Ukitaka kuona, legeza nyuzi zote toa daraja nje, weka ncha kwenye mwanga, inatakiwa mstari uwe mnyoofu, ukiona pametoboka kama meno basi hapo ndo tatizo. Juu ya hapo, uzi mmoja ukikatika jukwaani mvuto wa springi za nyuma unabadilika na nyuzi zote tano zilizobaki zinatoka tyuni. Kushusha tyuni kwenda C ni kazi ya jioni nzima ya springi na funguo za pembe sita.

Ndo maana kuna JS32T, herufi T ya mwisho, ambayo daraja lake limetulia na nyuzi zinapita ndani ya bodi. Bei yake huwa chini kidogo ya ile yenye Floyd na kwa watu wengi ndo gitaa bora zaidi kati ya hayo mawili, mkono wa tremolo wanautaka kwenye picha tu. Kama unaupiga kweli hiyo ni habari nyingine, chukua JS32 na uweke akiba ya kununua daraja zuri baadaye.

Pikapu: kali, zimetengenezewa distoshen. Zikiwa safi ziko bapa, hazina utamu mwingi. Wapo wanaozibadilisha mwaka wa kwanza tu.

Balansi: bodi ni nyepesi, ya popla kwenye nyingi za sasa, na kichwa ni kirefu chenye ncha, kwa hiyo shingo inataka kushuka. Mkanda mpana wa ngozi upande wa ndani usioteleza unasaidia sana. Ukikaa, King V ingiza paja katikati ya mabawa mawili, shingo ipande juu kama wapigaji wa gitaa la klasiki, utashangaa ni raha kiasi gani na freti za mwisho zinafikika kuliko gitaa lolote. Rhoads lile bawa fupi haling'ang'anii vizuri, linahitaji kuzoea.

Hela: kama dola 400 hivi jipya, kupanda na kushuka kutegemea toleo. Uwiano wa shingo na bei hapa ni mgumu kuushinda. Kuuza tena inategemea umpate mtu wa metali, siyo kila mteja analitaka.

Linamfaa anayejua kabisa kwamba anataka metali, solo za haraka, au kushusha tyuni, maana uzi mrefu unabaki na mkazo hata ukishuka mpaka C.

Dean VX

Dean ilianza miaka ya 70 huko Marekani kwa kutengeneza V na maumbo ya jamii hiyo, kwa hiyo siyo wageni. VX ni ya chini kwenye ngazi yao, bodi ya baswudi (mbao nyepesi), shingo ya mepo ya skrubu, freti 22, urefu wa uzi 24.75 kama Epiphone.

Shingo: inapigika, ila ubora unatofautiana gitaa kwa gitaa kuliko hizo mbili za juu. Mbili zikikaa pamoja moja inaweza kuwa tamu na nyingine freti zake zinahitaji kusawazishwa. Kwa hiyo hili ni gitaa la kununua ukiwa umelishika, piga kila noti kila uzi kuanzia freti ya 12 kwenda chini, noti ikizima au ikitoa mlio wa bati ujue kuna freti imenyanyuka.

Daraja limetulia na nyuzi zinapita kwenye bodi kupitia bamba la V, linashika tyuni vizuri, sina malalamiko nalo. Pikapu ni za kawaida, zina nguvu lakini zina matope kidogo ukizidisha besi kwenye ampu. Balansi ndo shida yake, kile kichwa kikubwa chenye umbo la V ni kizuri sana kwa macho na ni kizito, na baswudi ni nyepesi, matokeo unayajua. Kichwa hicho hicho kinakataa kuingia kwenye mabegi mengi hata ya V, pima kabla.

Hela: mara nyingi liko chini ya Epiphone, na lililotumika linaweza kushuka sana. Linamfaa mtu anayependa mtindo wa Dean wenyewe, afu anataka nyuzi laini na daraja rahisi na hana bajeti ya Epiphone.

V zisizo na jina

Hapa nataka niwe mwadilifu maana zinadharauliwa kuliko zinavyostahili. Viwanda vya China vina mashine za kukata kwa kompyuta na bodi nyingi zinatoka zikiwa sahihi kabisa.

Shingo mara nyingi ni nyoofu ila freti hazijamaliziwa, ncha zinachoma, nati imekatwa juu sana mpaka kodi ya F inauma. Daraja, kama ni Floyd ya kuiga bila leseni achana nalo kabisa, kama limetulia linafaa. Pikapu zinapiga, ila waya za ndani zimelehemiwa ovyo, jeki inalegea, poti (vifundo vya sauti) zinakwaruza. Vifunguo vya kukazia nyuzi vina ulegevu. Balansi ni bahati nasibu. Hela ni ndogo mwanzoni, lakini jumlisha fundi wa kusawazisha freti, nati mpya, vifunguo vipya, na unajikuta umekaribia Jackson iliyotumika, ambayo ukiiuza inarudisha kitu na hili halirudishi karibu chochote.

Linamfaa mtu anayependa ufundi, anayetaka kujifunza kulehemu na kufanya setapu mwenyewe bila hofu ya kuharibu kitu cha gharama. Kama kazi zote hizo utamlipa mtu, bei nafuu imeishia hapo. Na chunga lililoandikwa Gibson kichwani kwa bei ya kutupa, hilo ni feki.

Sasa uchague vipi

Kama unaanza kabisa na hujui bado utapiga nini, daraja lililotulia ni lazima, liwe Epiphone, JS32T au Dean, usianze na Floyd maana nusu ya muda wa mazoezi utaisha kwenye kutyuni na utadhani tatizo ni vidole vyako.

Bendi yenu ni ya metali na mnashusha tyuni, nenda JS32T, weka nyuzi za 11 (uzi mwembamba kabisa inchi 0.011) au nene kidogo, fundi akurekebishie nati zipite.

Unapiga blues, roki, na siku nyingine unaitwa kwenye gospeli, Epiphone, hata iliyotumika.

Mpiga mkono wa kushoto, magitaa ya kushoto ya V kwa bei hii ni machache, ila V zinazolingana mabawa zina faida, unaweza kuligeuza. Albert King alipiga hivyo hivyo, gitaa la kulia limegeuzwa na nyuzi nyembamba zikiwa juu. Epiphone au King V litakubali, Rhoads litakusumbua kwa sababu lile bawa refu linahamia chini.

Bajeti ndogo sana lakini una fundi unayemwamini mtaani, angalia vilivyotumika kwanza kabla ya kisicho na jina. Kwenye V iliyotumika anza na zile ncha mbili za mabawa, rangi iliyobanduka kidogo ni kawaida, ila ufa unaoingia kwenye mbao au bawa lililopakwa rangi upya unamaanisha lilianguka, na kama lilianguka geuza ulitazame nyuma ya nati kwa tochi ukitafuta mstari mwembamba kwenye vanishi.

Muuzaji akiwa mji mwingine mwombe video moja bila kukata, atyuni, apige noti wazi na freti ya 12 kila uzi, avute mkono wa tremolo kama upo, arudie noti zile zile, afu aonyeshe nyuma ya kichwa na ncha za mabawa kwa karibu. Akikwambia hana muda wa hiyo video tafuta muuzaji mwingine.